Malalamiko juu ya Kasanduku ka "Nakubali"

Kabambare, siku ya soko

Kwako mwipwa wangu Iliasi, mutengenezaji wa programu kule Kinshasa,

Salamu nyingi. Ujue kwamba mujomba wako ndiye mutu wa kwanza huku kwetu kuingiza programu ndani ya ordinatere, hii kompyuta, kwa mukono wake mwenyewe. Basi, kusema kweli haijaingia bado, na anayebonyeza ni binti yangu Faida. Mimi nilishika souris tu, yule panya wa mashine, tena kwa mukia.

Programu yako ya picha imekwama mulangoni. Wanafunzi wamejaa kwenye studio ya Faida na mashati yao meupe, wanataka picha za examen, ule mutihani wa mwisho, wameanza kutaja studio ingine. Kwa heshima zote nalalamika:

1. Umeandika maneno marefu kama njia ya Salamabila wakati wa mvua, chini yake kasanduku kamoja: "Nakubali." Tusipoweka alama, kitufe cha "Endelea" kinalala, rangi ya majivu. Iliasi! Nani katika ukoo wetu alikubali jambo siku ya kwanza? Nilipokwenda kukuposea Djamila huko Kasongo, wakwe zako walitukataa, tukajifanya tunaondoka, wakatuita. Hiyo ndiyo adabu. Ongeza kasanduku ka "Tutaongea", na nafasi ya mashahidi.

2. Kuna viduara viwili: "Kwangu peke yangu" na "Kwa kila mutu anayetumia mashine hii." Ukiwasha kimoja, kingine kinazimika. Nikichagua cha kwanza, mimi ni muchoyo. Nikichagua cha pili, jirani Pitchou, ambaye hata chumvi yetu anajua ilipo, atahamia hapa. Nikachora cha tatu kwenye karatasi: "Kwa ndugu, isipokuwa waliokwenda kuchimba dhahabu wakatusahau." Nikakibandika kwenye kioo kwa ugali. Nimekibonyeza kwa kidole asubuhi nzima. Mashine iko kimya, na kuku wamekula ugali.

3. Nilipobonyeza "Acha", ikaniuliza: "Una hakika?" Mimi! Na mvi hizi!

Kwa hiyo naomba programu ije kama muposaji: iketi, ikataliwe, irudi kesho na zawadi mukononi.

Musalimie Djamila, watoto, majirani wote, na yule mwalimu aliyekufundisha kuharakisha watu.

Mimi mujomba wako mwenye subira,
Amuri

N.B. Nilipokwenda kutafuta bahasha, Faida aliweka alama kila mahali, akakubali yote bila shahidi, akachagua "kila mutu". Pitchou amepigwa picha wa kwanza. Wanafunzi wamekwenda na picha zao, wanacheka. Programu ni nzuri sana, usibadilishe kitu. Picha yangu iko humu ndani ya bahasha. Tazama kichwa kilivyo wazi. Kuhusu ile kofia uliyoniahidi siku tuliporudi kutoka kwa wakwe zako, nami nikaikataa kwa adabu: nakubali. Itume.