Mfano wa Hodan Ubaoni

Jamani, leo nimeaibika, na naandika haya nikiwa nimejificha chumba cha walimu.

Wiki jana wazee wangu walienda kwa Mzee Abdi, hapa hapa Garissa, kuniposea binti yake Hodan. Mzee akawapa chai, akasema atajibu. Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Huyo msichana nampenda, siwafichi.

Asubuhi nikaingia kidato cha pili kufundisha Kiingereza. Ukisema "plan" unaendelea na "to", ukisema "intention" mara nyingi ni "of", na kitenzi kinaongezwa "-ing". Darasa lilikuwa limelegea kwa joto. Nikaomba kitenzi cha mfano. Wote wakasema kuoa. Nikaomba jina la mtu. Wote wakasema Hodan. (Mji huu hauna siri.)

Ningenyamaza tu. Lakini nilitaka waache kunicheka, nikajifanya mjanja, nikaandika kwa herufi kubwa: I have no plan to marry Hodan. I have no intention of marrying Hodan.

"Someni kwa sauti," nikawaambia, "hadi mji wa Modogashe wasikie."

Wakasoma, wakarudia. Mara nikaona macho yote yako mlangoni. Mzee Abdi. Nilisahau kabisa kwamba yuko kwenye bodi ya shule, na leo amekuja kukagua tangi la maji.

Hajui Kiingereza, nikajituliza. Lakini jina la bintiye analijua. Akamwomba Ifrah wa dawati la mbele amfasirie kwa Kisomali. Ifrah akafasiri sentensi zote mbili bila kuruka neno: sina mpango wa kumuoa Hodan, sina nia ya kumuoa Hodan. (Huyu huyu ambaye nikimuuliza swali huangalia dari.)

"Adeer, ni mfano tu wa somo," nikasema, nikimwita ami kwa Kisomali.

Mzee akautazama ubao, kisha mimi. "Kumbe wazee wako walikunywa chai yangu kwa mfano tu?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sina hata pa kujificha. Nikafuta zile "no" mbili kwa kiganja, mbele ya wote, nikamwomba Ifrah amfasirie mzee upya. Akafasiri, safari hii akitabasamu.

Mzee akatikisa kichwa, akageukia mlango. "Ijumaa walete wazee, wachukue jibu. Na wewe uje, lakini bila chaki."

Sasa atakayecheka hapa, nyama ya ngamia siku ya harusi aisahau.