Feni Nayo Ipumzike Jumapili

Ilitangazwa ukutani mwa jengo la wapangaji, juu ya visanduku vya barua, kwamba Kamati ya Hewa ya Ngazi imepiga hatua ya kihistoria: kuanzia Jumapili hii, feni zote za ndani zitapumzika kama Wakristo wengine. Tangazo lilisainiwa na mwenyekiti, Bwana Eberhard Knoll wa ghorofa ya juu kabisa, mstaafu wa idara ya mapipa ya taka. Huyu tayari alikuwa ameliletea jengo lile maendeleo makubwa, likiwemo azimio la kuelekeza mazulia yote ya mlangoni upande mmoja.

Gudrun Pohlmann alilisoma akiwa na mfuko wa viazi mkononi, akalisoma tena kutoka juu.

Ninyi wenye watoto wakubwa nyumbani, sikieni. Mtoto akikuomba kabati, muulize kwanza anataka kutundika nini. Gudrun hakuuliza. Mwanawe Thilo, mtu mzima na ndevu zake, aliyatoa makoti ya marehemu bibi yake, akaweka taa ndani ya kabati, akapanda bangi. Mimea mitatu tu, kama sheria ya Ujerumani inavyomruhusu mtu mzima. Ilipokuwa majani matupu mama alivumilia. Alijiambia ni kama kulea mchicha. Ilipoanza kutoa maua, mambo yakageuka. Thilo akawa anaizimia taa nusu ya siku ipate giza lake, na mama haruhusiwi kufungua kabati lake mwenyewe, eti maua yamelala. Yalilala kweli, lakini yalinuka kama kicheche aliyekalia ndimu. Kilichowasitiri ni feni ndogo iliyoivuta ile harufu na kuipitisha kwenye mkaa, ikatoka haina jina.

Sasa feni ipumzike. Na chini ya tangazo, kwa herufi nene: nyumba itakayonuka nje ya mlango wake, kamati itaingia, na mpangaji wake atahama. Gudrun aliingia jengo lile akiwa bibi harusi. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Akapanda kwa mwenyekiti.

"Bwana Knoll, feni ikilala, harufu inaamka."

Knoll alitokeza kichwa tu, mlango kauegemea. "Bibi Pohlmann, Jumapili hutoboi ukuta. Hutupi chupa pipani. Feni ni mashine, mashine inafanya kazi, na kazi Jumapili ni marufuku. Hilo si langu, ni la mantiki."

"Lakini haisikiki hata ukiitegea sikio."

"Kamati imeisikia kwa nadharia."

"Na harufu je?"

"Harufu haina sauti, kwa hiyo haihusiki na utulivu wa Jumapili. Ila kunuka nako kumekatazwa."

"Yaani tuzime feni, halafu tusinuke."

"Naona umeielewa kanuni," alisema Knoll, akafunga mlango kwa adabu.

Thilo aliposikia alipiga miayo. "Mama, usijipe presha. Tuiwashe tu. Nani atajua?"

"Jumapili? Wewe una wazimu?"

Ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu Ujerumani anaweza kuiba benki, lakini akikimbia na gunia lake atasimama angoje taa ya kijani ndipo avuke barabara.

Jumapili Gudrun aliizima feni kwa mkono wake, akabandika sufuria kubwa ya kabichi chachu, akaongeza vitunguu na mbegu za kisibiti, akaacha ichemke na mfuniko wazi. Baada ya saa za kahawa na keki, kamati ikaanza doria. Mbele alikuwa katibu, Bibi Walburga Stichel, ambaye pua yake ilikuwa imeidhinishwa na kikao.

Stichel alinusa mlango wa Gudrun. "Kabichi."

"Mapishi ya marehemu mama," alisema Gudrun, jasho likimtoka.

"Kisibiti umezidisha. Lakini ni halali." Akageuka, akasita. "Kuna kitu kingine. Kicheche."

Gudrun akashika fremu ya mlango.

"Nilijua mimi," alisema Knoll, aliyesimama nyuma yake. "Kinatoka humu."

Stichel aliinua pua. "Hapana. Kinashuka."

"Kitaalamu, harufu hupanda."

"Hii inashuka, Bwana Mwenyekiti."

Wakaifuata harufu, Gudrun na Thilo nyuma yao. Ghorofa kwa ghorofa ilizidi kunona, hadi wakasimama mbele ya mlango wa Knoll mwenyewe.

"Kikao kimeahirishwa," alisema Knoll.

"Kanuni yako inaipa kamati haki ya kuingia," alisema Stichel. "Funguo."

Kitanda kilikuwa koridoni. Chumba cha kulala kilikuwa msitu wa bangi, maua mazito kama mikia ya mbweha hadi darini. Pembeni ilining'inia feni kubwa ya kiwanda, kimya. Knoll alikuwa ameizima mwenyewe asubuhi. Kanuni ni kanuni.

"Mitatu kwa mtu mzima," alisema Stichel. "Bwana Mwenyekiti, wewe ni watu wazima wangapi?"

"Naitunza kwa niaba ya kamati. Ni utafiti." Mkono wake ulikuwa ukinyemelea swichi ya feni.

Gudrun akasimama mbele ya swichi. "Leo Jumapili, Bwana Knoll. Mashine zinapumzika."

Thilo akacheka.

"Nawe usicheke," alisema mama yake. "Kesho makoti ya bibi yako yanarudi kabatini."

Knoll alihama kwa kanuni yake mwenyewe. Zulia lake aliliacha mlangoni, limeelekea upande sahihi.