Mtindo Upi Utanirudishia Kiti Changu

Jumatatu, 3 Juni

Leo ni leo, asemaye kesho mwongo! Nimetangaza vita na shemeji.

Huyu shemeji ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kututembelea wiki moja. Wiki hiyo haijaisha tangu mwaka jana. Nimemvumilia mengi, lakini kukalia kiti changu, hapana. Kiti chenye mito, mbele ya televisheni, kimeshika umbo la mgongo wangu. Nikirudi kutoka kwenye kibanda changu cha kushonea, nakuta kimejaa shemeji. Mimi nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baba wa nyumba, juu ya ndoo! Inaniuma sana.

Jana tulikuwa tunatazama mapigano. Nikasema karate inaishinda mieleka. Shemeji, aliyecheza mieleka shuleni, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Tukabishana hadi majirani wakagonga ukuta. Mke wangu akachoka. Akasema Jumamosi tukamalizane uani: atakayemwangusha mwenzake achukue kiti, na atakayeurudia ubishi huo akale kwa jirani.

Safi! Nitajaribu kila mtindo wa kupigana, nichague ulio bora. Kisayansi!

Jumanne, 4 Juni

Ngumi. Muuza nyama wa jirani aliwahi kuwa bondia, pua yake ni ushahidi. Kaniambia somo la kwanza ni kujua kula ngumi. Nikamwambia nimeshiba. Nikapewa hata hivyo. Nimeona nyota mchana kweupe.

Nilipopata nguvu nikaligeukia jora la kitambaa cha suti. Nikalitwanga. Halikutikisika. Vidole vimevimba, sindano haishikiki. Uamuzi: ngumi ni mtindo mzuri, ila unamuumiza zaidi mpigaji. Nimeufuta.

Jumatano, 5 Juni

Judo! Mbona sikuambiwa mapema? Kinyozi wangu aliisomea ujanani. Kanieleza huku akininyoa: hutumii nguvu zako, unatumia uzito wa adui. Unamshika nguo, unavuta, unageuka, anaruka mwenyewe. Na uzito wa shemeji ni nini kama si chakula changu cha mwaka mzima? Atapigwa na chakula changu. Haki hiyo!

Nikajaribu kwa sanamu la kibandani, lililokuwa limevaa koti la bwana harusi. Nikashika ukosi, nikavuta, nikageuka. Limeruka vizuri mno. Bwana harusi mwenyewe alikuwa mlangoni, amekuja kulijaribu. Akauliza kama koti bado lina mikono miwili. Nikamwambia koti linayo, sanamu ndilo halina.

Alhamisi, 6 Juni

Karate, kipenzi changu. Nimemfuata mwalimu wa karate ukumbini anakofundishia. Nikamwuliza siri ya ushindi. Akasema siri ni kata. Kata asubuhi, kata jioni, mpaka mikono ifanye yenyewe bila kufikiri. Nikauliza, hilo tu? Akasema hilo tu, na kesho nimletee kata yangu moja aione.

Nusura nimkumbatie! Mimi fundi cherehani! Kazi yangu ni nini kama si kukata? Kumbe karate ninayo mwilini miaka yote hii na sikujua. Nimekata siku nzima. Suruali, mashati, mapazia ya mteja aliyeleta yapigwe pasi tu. Mikono inakwenda yenyewe! Mke wangu kauliza ninachekea nini. Nimemwambia atajua Jumamosi.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu. Naandika haraka ipite.

Nimeingia ukumbini, wanafunzi wamejipanga na mikanda yao. Mwalimu akasema haya, onyesha kata yako. Nikaikunjua hewani: suruali, kiuno inchi arobaini na mbili, bado kushonwa. Mwalimu akauliza ndiyo nini. Nikamjibu ndiyo kata, na nyingine ziko kibandani. Basi, mikanda yote ikagaagaa sakafuni kwa kicheko. Kumbe kata yao ni mfululizo wa hatua na mapigo, mtu anapigana na hewa peke yake, na watu huusomea miaka. Mmoja akanong'ona kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Nilimsikia. Nikaendelea kukunja suruali.

Lakini njiani, wazo! Suruali si imeshakatwa? Nimemshonea shemeji, zawadi ya pambano. Mishono ya kiunoni, nyuma na miguuni nimeishikiza kwa uzi mbovu. Akiinama tu imetatuka! Yeye atashika suruali kwa mikono miwili, mimi nitamshika yeye.

Ameipokea karibu alie. Kasema hajawahi kupendwa na shemeji namna hii. Roho iliniuma kidogo. Nikatazama kiti, ikapona.

Jumamosi, 8 Juni

Pambano! Majirani wote uani, muuza nyama ndiye mwamuzi. Kiti kimetolewa nje, kimewekwa kivulini ili tukione tunachokipigania. Moyo unanidunda kama cherehani.

Shemeji akainama. Uzi haukukatika! Akanijia mzimamzima. Nikamkumbuka kinyozi: shika, vuta, geuka. Nikaukamata ule ukanda wa suruali, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikageuka. Hapo ndipo uzi ulipokubali. Suruali yote ikaja mikononi mwangu. Shemeji akabaki pale pale na bukta yake. Aliyeruka ni mimi.

Nikatua kitini. Nimekaa! Nikainua suruali juu, nikatangaza kwamba aliye kitini ndiye mshindi, hakuna cha rufaa. Watu wakashangilia, wallahi wameshangilia! Kisha mguu wa nyuma wa kiti ukalia ka. Nikaenda chini pamoja na kiti, mito na ushindi wangu.

Mke wangu akaokota vipande vya kiti kimoja kimoja, taratibu. Hilo limenitisha kuliko mieleka.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa kifudifudi, mgongo haunyooki. Kiti kiko kwa seremala. Mke wangu ametamka: kikirudi, atakikalia yeye. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyasi za nyumba hii zimeshinda. Shemeji naye alikuwa ameanza kufikiria kurudi kwao. Sasa anasema hawezi kuniacha katika hali hii, atakaa aniuguze mpaka nipone kabisa. Ananikanda mgongo kwa maji ya moto, kwa mikono ile ile ya mieleka.

Nimetafakari kwa utulivu, kosa nimeliona. Mtindo haukuwa na tatizo. Uzi ndio haukuwa mbovu vya kutosha.

Na kuna habari! Muuza nyama amekuja kunijulia hali, kanieleza kwamba iko mieleka ya watu wanene wasiovaa suruali kabisa. Wanazungusha kitambaa kimoja tu kiunoni. Kitambaa kimoja! Mshono mmoja! Nimemwita shemeji asogee kitandani nimpime kiuno. Kauliza kama ni zawadi nyingine. Nimemwambia ndiyo, na amefurahi mno, maskini.