Kumbukumbu Yote Ni Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Habari kubwa! Bosi atachagua kiongozi wa timu yetu Ijumaa, wanunuzi wakishaiona mashine ya kupima mapigo ya moyo. Tuko watatu. Mimi naandika msimbo wa kuendesha kioo cha mashine, Shemeji wa mtandao, Dada Mapigo wa kipimo chenyewe. Dada Mapigo ni mpole mno, simhesabu. Tatizo ni Shemeji. Mke wangu anasema kaka yake atashinda. Ananiambia hayo huku akinimiminia chai!

Jumanne, 4 Juni
Nimepata akili. Kiini cha mfumo ndicho kinachogawa kumbukumbu ya mashine, yaani nafasi ambamo kila msimbo hufanyia kazi. Sheria ya Bosi: omba kinachokutosha, angalia kama umepewa, rudisha ukimaliza. Mambo ya kuombaomba siyawezi. Mashine ikiwashwa tu, kabla wengine hawajafumbua macho, kioo changu kitachukua nusu ya kumbukumbu na kuikalia. Kuangalia kama nimepewa? Nani wa kuninyima? Sehemu hiyo nimeiita "usafi mdogo". Nani atachunguza usafi?

Jumatano, 5 Juni
Bosi angechunguza. Husoma kila mstari. Lakini kashikwa na mafua, kaagiza tukaguane wenyewe. Shemeji akaja mezani kwangu anatabasamu. Akasema sisi ni ndugu, ya nini kusumbuana? Nipitishe wake, apitishe wangu. Nikapitisha bila kufungua. Naye vivyo hivyo. Kumbe ni mtu mwema, nilimwonea bure! Jioni nikampigia simu mama mkwe kumwambia cheo nimeshakipata.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji hafai! Mnunuzi mmoja kaweka kidole kwenye mashine, kioo changu kikang'aa. Kisha, juu ya nusu kiliyoikalia, kikaomba nyongeza kidogo tu ya kuchora mstari wa mapigo. Ikawa imekwisha. Kioo hakikuangalia, kikadhani kimepewa. Giza. Bosi akafungua msimbo hapohapo, huku anapiga chafya. Mtandao wa Shemeji ulikuwa umekalia nusu nyingine, kwa jina la "salamu fupi". Nikamgeukia kwa hasira, mpaka Bosi alipofika kwenye usafi wangu.

"Nyinyi wawili mmejaza chumba kizima," akasema. "Mgonjwa alale wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kipimo cha Dada Mapigo nacho kilikuwa kimenyimwa, ila chenyewe kiliangalia. Taa yake ikawa ya njano, kikasubiri, kikaomba tena. Kioo kilipokufa, kiini kikaitwaa ile nusu yangu na kukipa kipimo. Taa ikawa ya kijani. Tukaanza kusikia moyo wa mnunuzi, pi, pi, pi. Akacheka kama mtoto. Wamenunua!

Jumatatu, 10 Juni
Kiongozi ni Dada Mapigo. Hakutusema hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Katukalisha meza moja mimi na Shemeji tusafishe tulichoharibu. Sasa kioo kinaomba kidogo, kinaangalia, kinarudisha. Kinafanya kazi vizuri ajabu, nimefurahi kwa dhati. Mama mkwe nimemwambia cheo kimeahirishwa.

Jumanne, 11 Juni
Mashine ijayo itakuwa na kumbukumbu mara nne. Mara nne! Nimekaa na Shemeji, tumeelewana kiutu uzima: nusu yake, nusu yangu, na kila mmoja atampitishia mwenzake. Dada Mapigo hatapata shida. Yeye amezoea kusubiri.