Uzinduzi wa Pili wa Skrini ya Idara ya Ndoa

Inatangazwa kwa umma, na hasa kwa wale waliokaa kwenye benchi letu la nje wakijipepea kwa bahasha, kwamba skrini ya kompyuta ya Idara ya Ndoa imewashwa rasmi kwa mara ya pili katika historia yake. Zoezi lilifana sana. Kwa kuwa mitaani kumeanza kuzagaa maneno yasiyo na mpangilio, mimi, Ofisa Itifaki wa Idara, nimeona niyapange mwenyewe.

Umeme ulikatika asubuhi, kidogo tu, ukarudi. Kompyuta ikawaka yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, ikaanza kunguruma chini ya meza. Skrini haikuwaka. Ilibaki nyeusi tii.

Mtu asiyejua kazi za ofisi atauliza: kwani haina kitufe? Inacho, tena kizuri, pale chini upande wa kulia. Lakini skrini hii ilizinduliwa. Mkurugenzi Mkuu alikuja kwa miguu yake, akakata utepe, akabonyeza, watu wakapiga makofi, na tangu siku ile haikuzimwa hata kwa sikukuu. Na waraka wake mwenyewe uko wazi: kifaa kilichozinduliwa na kiongozi hakiwashwi tena na mtu wa cheo cha chini. Leo akikiwasha karani, tutakuwa tumesema nini kuhusu ule uzinduzi? Kwamba tulikuwa tunacheza?

Basi ndipo wakaingia wale watatu. Bwana harusi, fundi wa majokofu, alikuwa amevaa suti iliyomzidi mabega. Bibi harusi alishika viatu mkononi kwa sababu vilimbana. Nyuma yao alikuja shangazi wa bibi harusi, mwanamke mpana wa sauti na wa mwili, na mkoba mkubwa ambao ukiutazama tu unaogopa kuuliza una nini ndani.

"Tumekuja kufunga ndoa," alisema fundi.

"Karibuni sana," nikasema. "Haiwezekani."

Nikawaeleza kuhusu skrini. Shangazi akaitazama, akanitazama, akaitazama tena.

"Baba, si uibonyeze tu hapo?"

Nilimsamehe palepale, maana hakusoma utawala. Karani wetu, anayeitwa Bi Upesi na watu waliowahi kumsubiri, aliguna tu huku akisugua kucha.

Fundi akaanza kunisihi. Amepata kazi mbali, mkataba wa miaka miwili, na gari la kampuni linaondoka leo jioni. Mwenye cheti cha ndoa anapewa nyumba na anakwenda na mkewe. Asiye na cheti anapewa kitanda kwenye bweni la wanaume.

"Nikikosa cheti leo, naondoka peke yangu," alisema. "Miaka miwili, mzee. Nitarudi hata sura yangu ameisahau."

"Siwezi kuisahau," alisema bibi harusi, na machozi yakaanza kumlengalenga.

Naomba ieleweke kwamba mimi si jiwe. Roho iliniuma. Nikachukua hatua palepale: nikaunda Kamati Ndogo ya Waya, mwenyekiti mimi, katibu Bi Upesi. Tulikagua skrini bila kuigusa, kwa kuizunguka. Tulibaini kwamba waya upo. Tulibaini kwamba plagi imeingia ukutani kwa kiwango cha kuridhisha. Nilipendekeza tuangalie kama mwanga umepunguzwa mno, na katibu akauliza tutajuaje ilhali haijawashwa, nikamwambia hoja hiyo iingie kwenye mengineyo. Kisha tukampigia simu Mkurugenzi Mkuu.

Alikuja upesi kuliko tulivyotarajia. Lazima nimweleze kidogo kwa wasiomjua. Ni mtu mrefu, wa tai nyekundu, ambaye ameongoza mambo ya ndoa muda mrefu bila yeye mwenyewe kuambukizwa. Ameletewa majina ya wanawake wengi, naye akawapiga chenga wote. Huwa anasema mwamuzi hachezi mpira. Alifuatana na mpiga picha wa Idara, kwa sababu tendo la kiongozi lisilo na picha ni uvumi.

Hatukuwa na utepe. Nikaazima mkanda wa gauni la bibi harusi, nikaufunga mbele ya skrini, Mkurugenzi Mkuu akaukata kwa mkasi wa Bi Upesi. Bibi harusi alitaka kusema neno, akajikaza kisabuni.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akasema Mkurugenzi Mkuu, "naiwasha skrini hii." Akabonyeza.

Taa ndogo ya bluu ikawaka. Makofi! Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema mpiga picha, "ulifumba macho. Rudia kidogo."

Mkurugenzi Mkuu akarudia. Taa ikazimika.

"Sasa hivi Ofisa Itifaki ameingiza kiwiko. Rudia, Mheshimiwa."

Akarudia. Ikawaka. Skrini, kama mzee aliyeamshwa usingizini, ilikuwa bado inajinyoosha kabla ya kuonyesha chochote, na mpiga picha akaona tai imepinda. Ikarudiwa. Halafu tabasamu lilikuwa la msibani. Ikarudiwa. Halafu tabasamu lilizidi, akaonekana kama anauza dawa ya meno. Kila picha ilikuwa na kasoro yake na kila kasoro ilikuwa na mbonyezo wake, hadi ikapatikana moja safi kabisa, kidole kitufeni, macho wazi, tai imenyooka.

Tukageuka kuitazama skrini. Nyeusi tii.

Fundi wa majokofu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani," akasema, "mnaiwasha mnaizima, mnaiwasha mnaizima..."

"Kijana," nikamkatiza, "hapa kuna mtaalamu mmoja tu wa kitufe hiki, na ndiye huyo mbele yako."

Mkurugenzi Mkuu aliinamia skrini akaitazama kwa muda, kama daktari anayesubiri mgonjwa aseme mwenyewe. Akatoa tamko. Skrini haikuwa na hitilafu. Haikuandaliwa vya kutosha, basi. Uzinduzi wa haraka haraka, bila hema, bila viti vya wageni, bila kikundi cha burudani, skrini ingeupokeaje? Akaagiza zoezi liahirishwe hadi wiki ijayo.

Hapo bibi harusi alilia kwa sauti, na fundi akakaa sakafuni na suti yake yote. Shangazi hakulia. Aliweka mkoba juu ya meza yangu, kwa kishindo.

"Wiki ijayo huyu atakuwa kwenye bweni la wanaume, na huyu atakuwa nyumbani kwangu analowesha mito yangu. Hakuna njia nyingine hapa? Watu wazima na tai zenu!"

Mkurugenzi Mkuu alinitazama, nami nikajua kwamba anataka kuondoka kwa heshima. Nikapendekeza lifanyike jaribio la ndani. Skrini ni uso tu. Kompyuta yenyewe ilikuwa hai, inanguruma. Bi Upesi ameandika ndoa nyingi mno katika maisha yake, vidole vyake vinajua njia hata gizani. Aandike ndoa moja ya majaribio bila kuona, tusikie kama mashine inaitikia. Hivyo taarifa ya habari ingesema Mkurugenzi Mkuu aliongoza jaribio la kitaalamu, na si kwamba alibonyeza akashindwa.

"Andika," alisema Mkurugenzi Mkuu, akifurahi.

"Jina la mume?" aliuliza Bi Upesi.

Kwa mujibu wa itifaki, jina la kwanza katika shughuli yoyote ni la mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliopo. Nikamtajia jina la Mkurugenzi Mkuu, nikalitamka pamoja na vyeo vyake.

"Jina la mke?"

Nikamwashiria bibi harusi. Akafuta machozi mara moja.

"Thubutu! Mimi nimekuja kuolewa na huyu hapa sakafuni. Sikuja kujaribia mashine."

"Niandikeni mimi," alisema shangazi. Alikuwa ameshafungua mkoba, na kitambulisho kiko mkononi. "Mume wangu wa zamani alishakwenda na njia zake, Mungu amjalie asirudi. Andika, mwanangu, tumalize. Watoto wanachelewa gari."

Bi Upesi akaandika. Kisha akasogeza kile kifaa kidogo cha alama za vidole, maana mashine haikubali kuendelea bila dole gumba la kila mmoja. Mkurugenzi Mkuu alibandika la kwake kwa madaha, huku akimgeuzia mpiga picha upande wa uso anaoupenda. Shangazi akabandika la kwake. Mashahidi tulikuwa mimi na mpiga picha.

"Thibitisha?" aliuliza Bi Upesi.

"Thibitisha!" alisema Mkurugenzi Mkuu.

Printa pembeni ikakohoa. Ikatetemeka, ikavuta karatasi, ikaitema taratibu, ya rangi ya krimu, yenye nembo. Bi Upesi, ambaye hajawahi kufanya jambo haraka, aliinyakua na kuigonga muhuri kwa mazoea. Akaisoma. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Hongereni," alisema.

Mkurugenzi Mkuu alimpokonya. Niliona rangi ikimtoka kuanzia paji la uso ikishuka hadi kwenye tai. Lilikuwa jina lake, na la shangazi, na chini yake maneno mazuri ya kisheria.

"Hili ni kosa! Hii haipo humo ndani! Nionyesheni!"

Akairukia skrini. Mpiga picha akainua kamera.

"Weka chini hiyo!" alifoka Mkurugenzi Mkuu, na akabonyeza kitufe. Mara moja tu. Kisha akasubiri, mikono imeshika meza, jasho linamtiririka.

Taa ikawaka. Skrini ikajinyoosha, ikapata muda wake, ikaangaza chumba kizima. Kwa herufi kubwa za kijani iliandika: NDOA IMESAJILIWA. Sioni aibu kusema kwamba nilipiga makofi. Skrini yetu ilikuwa imewaka.

"Futa," alisema Mkurugenzi Mkuu, kwa sauti ndogo.

"Kufuta si hapa, Mheshimiwa," alisema Bi Upesi. "Ni Idara ya Talaka, ghorofa ya juu."

"Basi twende juu!"

Ilibidi niingilie kati, ingawa iliniuma kumkosoa mkubwa. Skrini ya Idara ya Talaka bado imo kwenye boksi lake, ikingoja nafasi ya kiongozi kuja kuizindua.

"Naizindua mimi! Sasa hivi!"

"Mheshimiwa," nikasema, "waraka wako unakataza mzinduzi kuwa mteja wa kwanza. Ni kifungu kizuri sana. Tulikisifu wote."

Alitafuta kiti. Shangazi alimsogezea cha kwangu. Alimtazama kuanzia viatu hadi upara kama mtu anayekagua kitu alichoshinda kwenye bahati nasibu bila kukumbuka kununua tiketi, na naweza kushuhudia kwamba hakuchukizwa sana.

"Mume wangu," alisema, "utapumzika baadaye. Watoto kwanza."

"Mimi si—"

"Skrini imewaka. Kuna la ziada linalokosekana?"

Bi Upesi akasema inakosekana ruhusa ya Mkurugenzi Mkuu, maana yeye ndiye aliyeahirisha shughuli zote hadi wiki ijayo, na ndiye tu anayeweza kutengua huko kuahirisha.

"Ametengua," alisema shangazi. Akamgeukia. "Si umetengua?"

Nimefanya kazi chini ya mtu huyu kwa muda mrefu. Nimemwona akikataa maombi ya majaji, ya maaskofu, ya mama yake mzazi. Safari hii aliitikia kwa kichwa.

Fundi alinyanyuka sakafuni kama aliyechomwa na sindano. Madole gumba yakabandikwa, Bi Upesi akaandika huku anaona, jambo ambalo lilimpunguzia kasi, printa ikakohoa, na cheti kikatoka. Bibi harusi alikibusu kile cheti kabla ya kumbusu mume. Mkurugenzi Mkuu alikitia saini, huku shangazi amemshikia karatasi. Wale wawili wakatoka mbio kuliwahi gari, bibi harusi miguu peku, viatu mkononi, na kicheko chao kikasikika hadi barabarani.

Sisi tukabaki tumesimama. Shangazi alijiweka sawa nguo, akasema kwamba nyumbani kuna bomba linavuja na mlango wa jikoni haufungi, twende. Hapo likazuka suala zito la kiitifaki: kati ya Mkurugenzi Mkuu na mke wa Mkurugenzi Mkuu, nani hutangulia kutoka mlangoni? Nilifungua mwongozo haraka kutafuta ukurasa. Nilipoinua macho shangazi alishatoka, na Mkurugenzi Mkuu alikuwa nyuma yake, amebeba mkoba.