Dohani ya Kiwanda cha Maziwa

Jumatatu, 4 Mei

Merja, binti yangu, kapiga simu kutoka mjini Turku. Habari njema hadi nikamkalia paka! Yeye, mumewe na watoto wao wawili wanataka kurudi nyumbani, wajenge hapa hapa kando yangu, kwenye kile kiwanda cha maziwa kilichokufa, nilichokinunua enzi zangu za kujiona mfanyabiashara. Sharti moja. Kiwanda kibomolewe, dohani na yote, na akifika Jumapili, kasema, akute mkataba umetiwa saini na mkandarasi mwenye kibali. La sivyo wananunua nyumba ya ghorofani huko huko, na wajukuu nitawaona Krismasi.

Kasema: Baba, safari hii fanya kama watu wanavyofanya.

Nimeapa. Paka shahidi, ingawa kanuna.

Jumanne, 5 Mei

Baruti! Usiku kucha nimeona dohani ikipiga magoti. Nikamwita Bi Huttunen, mtaalamu wa kulipua. Mama mfupi, buti kubwa. Kaizunguka dohani, kisha kahesabu hatua hadi banda la vioo la jirani yangu Armas, anamooteshea zile nyanya zake za kujivunia. Kasema haiwezekani, vioo vyote vitapasuka. Nikamuuliza, sasa tatizo liko wapi? Hakucheka.

Kumbe Armas yuko nyuma ya ua, masikio kama milango ya zizi. Akadakia: "Lipua tu, Oiva! Nitakupanda wewe mahali pa nyanya!" Miaka arobaini tunapakana, neno zuri bado halijachipua mdomoni mwake.

Huttunen kanishauri nimwite Tervonen, mwenye mtambo wa kijiko cha mkono mrefu unaotafuna jengo kuanzia juu.

Jumatano, 6 Mei

Tervonen kaja. Mtu wa maneno manne kwa siku. Kasema: "Kwanza asbesto. Kisha paa. Dohani mwisho. Wiki tatu." Hapo alikuwa amekula hadi akiba ya kesho. Bei kaiandika kwenye karatasi. Nikashika ukuta.

Lakini mimi si wa kuzaliwa jana. Redioni walisema katika kupatana bei, anayenyamaza ndiye mshindi. Mwenzio kimya kikimzidi, hujipunguzia mwenyewe. Nimemwalika sauna, tuoge mvuke.

Alhamisi, 7 Mei

Tukakaa. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nikamwaga maji juu ya mawe. Mvuke. Kimya. Tukatoka barazani, kahawa na maandazi ya iliki. Kimya. Ndege akalia, sote tukamtazama. Tukarudi ndani. Masikio yanaungua, nikajikaza, nikasema moyoni: sasa hivi atapasuka huyu.

Zilipopita saa tatu nzima kavaa suruali, kanishika mkono kwa nguvu. Kasema hajapata mazungumzo matamu namna hii tangu mkewe afariki. Kaenda zake.

Bei iko palepale. Nyusi zangu ndizo zilizopungua.

Ijumaa, 8 Mei

Msaragambo! Mbona sikufikiri mapema? Hapa kwetu ukiwaita watu kazini hawakunyimi, mradi kuwe na supu ya njegere. Nimebandika tangazo dukani: kesho saa nne asubuhi, kuvuta dohani. Merja atakuta imelala chini, mkataba wa nini tena?

Armas kajitolea kuleta trekta, bila tusi hata moja. Anataka tu iangukie upande wa ziwa, mbali na nyanya. Ningepaswa kuogopa.

Jumamosi, 9 Mei

Watu thelathini na mmoja. Kamba ya chuma kiunoni mwa dohani. Armas juu ya trekta, kavaa kofia ya kanisani. Nikainua mkono.

Gari la Tervonen likaingia. Kashuka polepole, kasimama kati ya trekta na dohani, kakunja mikono. "Pisha, bwana," nikamwambia, "huu ni msaragambo." Akafungua kinywa, na hakukifunga! Kasema kamba ikikatika itafyeka vichwa kama kabichi. Kasema dohani ikivutwa kiunoni hukatika, ikamrudia anayevuta. Kasema vumbi la sumu la asbesto ya mabomba litapeperuka na kutua palepale watakapolala wajukuu zangu. Kasema ameshamzika mwenzake mmoja kwa kazi za namna hii, na hataki kumzika mtu pekee wilaya nzima anayejua kuzungumza.

Nikashusha mkono.

Armas akazima trekta. Kasema tangu asubuhi moyo wake ulikuwa unakataa. Mnafiki! Watu wakamaliza supu, wakaenda.

Jumapili, 10 Mei

Merja katukuta mezani, mimi na Tervonen, saini bado mbichi. Bei ileile. Kifungu kimoja kimeongezwa kwa kalamu: mwenye mali asisogelee kazi chini ya mita mia. Merja kakipenda hicho kuliko vyote. Kanikumbatia, kasema: Baba, umeweza. Vumbi likaniingia machoni.

Armas uani hakutaja trekta. Kamwambia tu Merja, baba yako kapanga vizuri. Sijui anataka nini.

Jumanne, 9 Juni

Dohani imekwisha. Banda la vioo halina hata ufa. Nilitazama yote kwa darubini, mita mia na moja.

Jana mpima ardhi kaja kupigilia vigingi vya nyumba mpya. Kijana hodari, ila hana akili. Dirisha la jikoni litatazama ziwa! Ziwa lina nini? Linakaa tu. Nyumba ikigeuzwa kidogo kuja kwangu, kila asubuhi nitawaona watoto wakila uji.

Merja yuko Turku. Mpima kaenda likizo. Vigingi vinne tu, na udongo bado laini kama siagi. Tumevihamisha kabla ya kahawa, Armas kashika ncha ya pili ya futi ya kupimia. Kasema hakuna atakayejua.

Mafundi wa zege wanafika saa nne kumwaga msingi. Nimewapikia supu.