Sahihi ya Tisa

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeapishwa! Mimi, Virgil Teague, ni mmoja wa raia kumi na wawili wa jopo la mashtaka la kaunti yetu. Sahihi tisa tu, mtu anapelekwa kizimbani. Karani, Bi Odell, alitueleza asili yake: zamani huko Uingereza mfalme aliwaapisha majirani kumi na wawili wamtaje wanayemshuku. Akasisitiza kwamba hati ya mashtaka si hukumu, ni tuhuma iliyoandikwa. Hapo sikusikiliza sana. Nilikuwa namfikiria Dewey Stamper.

Jumanne, 7 Oktoba
Kesi ya jiko la kanisa lililoungua Agosti. Dewey alionekana pale alfajiri ya siku ya moto. Kila mwaka, kwenye karamu ya kanisa, husifiwa kwa mchuzi wake wa kondoo. Wangu wanawapa mbwa! Mshukiwa haitwi kujieleza, wakili wake haitwi. Utaratibu mtamu ulioje! Niliwaambia wenzangu namjua Dewey miaka thelathini, ana roho mbaya. Sikutaja kwamba usiku wa kuamkia moto mimi ndiye niliyepika jikoni mle, nikaacha makaa chini ya sufuria. Huenda yalikuwa yamezimika. Sahihi tisa zikapatikana. Ya tisa ni yangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Dewey amekamatwa. Kinyozi wangu, Cletus, akaniuliza, "Mzee, mbona unachekacheka?" Tuliapa kutotoa siri ya chumba kile, lakini Cletus si mmbeya. Nikamsimulia yote. Na makaa pia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Arlene, mke wa Dewey, amerudisha bakuli letu. Akasema, "Virgil, shemeji yangu, nani kamsingizia mume wangu? Tangu jana hajala." Nikasema sijui. Niliona haya, nakiri. Mchana sikugusa chakula.

Jumatatu, 3 Novemba
Cletus amesema yote! Dewey ameachiwa. Jopo jipya limetoa hati ya mashtaka, na jina langu limo: kuvunja kiapo, na moto. Sikuitwa! Wamesikiliza upande mmoja tu! Nilimwambia Bi Odell kwamba hiyo ni tuhuma, si hukumu. Akasema alikwisha kunieleza hivyo.

Jioni Arlene akaja na bakuli la mchuzi wa kondoo. Akasema, "Dewey kasema hata wewe lazima ule."

Nimeumaliza. Chumvi imezidi. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika majina ya ninaowashuku kunisingizia. La kwanza: Dewey.